Mabati Yangoje, Nanunua Laptopu

Jumatatu, 10 Machi

Nimeanza daftari hili leo kwa sababu nina hasira na sina wa kumpigia kelele.

Asubuhi masjala wamebandika tangazo mlangoni: karatasi za kesi hazipokelewi tena kwa mkono, kila kitu kipitie mtandaoni. Nimelisoma mara mbili. Kisha nikarudi kwenye meza yangu hapa barazani, mkabala na lango la mahakama, nikaifunua taipureta na kuendelea na barua ya mwalimu niliyokuwa nimeiacha katikati ya sentensi.

Miaka ishirini na sita nimepiga chapa mahali hapa. Talaka, viapo, barua za kuomba kazi, barua za kuacha kazi. Nusu ya siri za Malindi zimepita chini ya vidole hivi.

Eugene, kijana wa bara mwenye saiba, duka la kompyuta na mtandao, mlango wa pili, alikuja na kikombe chake cha chai. "Mama Trizah, hiyo mashine sasa wapelekee watu wa makumbusho." Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Nami nikacheka. Nimefika nyumbani ndipo nimegundua kwamba sikuwa nacheka.

Jumatano, 12 Machi

Wateja wawili. Mmoja alikuwa anauliza choo kiko wapi.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada Trizah amenipigia simu kutoka Mariakani, anakofanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa. Ametuma pesa za mabati ili paa litengenezwe kabla ya masika. Halafu akasema, "Mama, funga hiyo meza uje ukae na mimi. Umechapa vya kutosha."

Nimemwambia nitafikiri. Mwanangu ana moyo mzuri, lakini siku hizi anaongea nami kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.

Jumanne, 18 Machi

Nimefikiri. Mabati yangoje.

Jumamosi, 22 Machi

Nimezunguka maduka matatu ya laptopu.

La kwanza, kijana wa dukani aliniuliza, "Ni ya mjukuu, mama?" Nikamwambia ni yangu. Akanitolea moja nyembamba kama chapati, inang'aa kama kijiko cha harusi. Nikaweka vidole. Vibonye havishuki. Ilikuwa kama kupiga chapa juu ya meza tupu. Nikamshukuru nikatoka.

La pili, mwenye duka alinipa kubwa, rangi nyekundu, bei nzuri kuliko zote. Nikamwambia aiwashe. Akasema chaja imesahaulika ghalani. Nikamwambia nangoja. Akasema ghala limefungwa. Nikamwambia kitu kisichowashwa mbele yangu ni sinia, na sinia ninazo.

La tatu liko kwenye uchochoro nyuma ya soko, ule unaotokea karibu na saiba ya Eugene. Mwenyewe anaitwa Nyaboke, mwanamke wa Kisii wa miaka thelathini na kitu, bisibisi ameichomeka kwenye nywele. Hakuniuliza ni ya nani. Aliniuliza, "Ni ya kazi gani?" Nikamweleza. Akanipangia nne kwenye kaunta.

Nikafumba macho. Kwenye kila moja nikapiga maneno ambayo vidole vyangu vinayajua hata nikiwa na homa: *Mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, naapa na kusema kama ifuatavyo.* Nilipofumbua macho, duka zima lilikuwa likinitazama. Mtu mmoja aliyekuwa kwenye simu alikuwa ameishusha.

Nilichagua ya tatu. Nyeusi, nene, imefanya kazi ofisi fulani ng'ambo, mgongo una mikwaruzo. Lakini vibonye vyake vinashuka na kurudi, vinakujibu.

"Wewe umechagua kwa vidole," Nyaboke akasema. "Ngoja sasa mimi nichague kwa macho." Akaigeuza, akaifungua parafujo moja moja. Betri ilikuwa imechoka, akaweka nyingine. Akafunga na kufungua mfuniko mara nyingi huku ametega sikio, asikie kama bawaba zinalia. Akakifanya kioo kizima cheupe tukatafuta madoa, hatukuona. Kwenye risiti akaandika: miezi mitatu, ikiharibika irudi.

"Na usiogope kuirudisha," akasema. "Sitakuuliza umeifanya nini."

Nimeibeba mpaka nyumbani kifuani kama mtoto. Watu wameniangalia. Waangalie.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia Trizah. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Mama, mimi nilituma mabati."

"Najua."

"Na mvua ikija?"

"Nitahamisha kitanda."

Simu ikakatika kweli.

Jumatano, 26 Machi

Nyaboke amesema niende dukani kwake kila siku saa kumi, kazi ikipoa. Leo amecheka mpaka akakaa chini. Kumbe kila nikifika mwisho wa mstari nabonyeza kibonye cha mstari mpya, kama ninavyorudisha kigari cha taipureta. Nilikuwa nangoja ile kengele yake ya mwisho wa mstari. "Mama, itarudi yenyewe," ananiambia. Mimi sijawahi kuona kitu kinachorudi chenyewe.

Tena nagonga sana. "Usiipige, haijakukosea."

Jumamosi, 29 Machi

Nimepoteza kurasa sita nilizochapa kwenye laptopu. Sitaki kuandika zaidi.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua ya kwanza. Paa limevuja mahali patatu, pamoja na juu ya mto wangu. Laptopu nimeitia kwenye sufuria kubwa ya pilau na kufunika na mfuniko. Yenyewe imelala kavu.

Jumanne, 8 Aprili

Leo amekuja mtu kutoka kijiji cha Adu. Dada Zipporah, mwenye miaka kama sitini na tatu, mguu mmoja umevimba, leso imelowa. Alinipita mimi na laptopu yangu, akaingia kwa Eugene, akatoka, akarudi akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, dada," nikamwambia.

"Marahaba, mdogo wangu. Kule ndani wananiambia nizungumze haraka. Mimi maneno yangu si ya haraka."

Nikamsogezea benchi. Mumewe, Katana, alifariki mwaka juzi. Wamelima shamba lile miaka thelathini na minane, mananasi na mahindi, na wamezika watoto wawili pale pale. Sasa shemeji yake, Dzombo, ameomba urithi mahakamani. Kwenye orodha ya warithi kajiandika yeye na wanawe. Jina la Zipporah halimo. Amepata kujua kwa sababu binti wa jirani aliliona tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali. Asipoweka pingamizi kabla ya tarehe ishirini na nane mwezi huu, kesi itaendelea kana kwamba hakuwahi kuzaliwa.

Nikamwuliza, "Una wakili?"

"Nina ulimi."

Nikaanza kuandika kiapo chake cha pingamizi. Alisema kwa sauti, mimi nikachapa. Nilitaka kuandika kwa Kiingereza kama wafanyavyo wengine. Akanizuia mkono. "Andika ninachoweza kukisoma. Hii ni mahakama ya Kenya au ya wapi?" Nikafuta, nikaanza upya kwa Kiswahili. Mahakama inakubali Kiswahili. Sisi ndio tumejizoesha kutojikubali.

Sina mashine ya kuchapisha, kwa hiyo rasimu nimeichapisha kwa Eugene.

Ijumaa, 11 Aprili

Dzombo amekuja. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini nilimjua kabla hajataja jina. Mtu mpole wa sauti, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni. Alinisalimu vizuri, akauliza hali ya watoto. Halafu akakaa.

"Mama, wewe ni mtu wa kwetu. Mambo ya ukoo hayaandikwi."

"Yakiandikwa yanakufa?"

"Yanaharibika." Akaniangalia. "Umeandika kwamba mimi nilimnyima ndugu yangu gari la kumpeleka hospitali. Umeandika kwamba nilihesabu minazi siku ya matanga. Hayo ni maneno ya kuandika?"

Ni maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, na rasimu ya kiapo bado iko mezani kwangu.

"Mimi si wakili wala si hakimu," nikamjibu. "Mtu anasema, naandika. Ukitaka kusema wewe, kuna kiti."

Akainuka. "Meza ya barazani ni kitu kinachoondoka kwa mkono mmoja, mama."

"Hii ni ya mvule," nikamwambia. "Waliileta wanaume wanne, na wawili wakaumia. Jaribu."

Akaenda.

Jumanne, 15 Aprili

Siku tatu nilikaa na hasira. Nani mwingine aliyeiona ile rasimu? Leo nikaingia kwa Eugene mbele ya wateja wake, nikamwita mchuuzi wa siri za wajane. Nikamwambia kila kilichokuwa moyoni tangu lile neno la makumbusho.

Alingoja nimalize. Hakunijibu kwa kelele, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Mama Trizah, mimi hata sikuisoma. Siku ile uliyoandika, benchi lako lilikuwa na watu watano. Mmoja wao ni mtoto wa Dzombo, mwenye kofia ya kijani. Alikaa mpaka mwisho. Nilidhani wamekuja pamoja."

Nilitoka.

Nikakaa kwenye meza yangu nikaliangalia benchi. Miaka yote hii nimesema siri za Malindi ziko salama kwangu, na kumbe kila mtu aliyekuja kwangu alizisema kwa sauti, hewani, mbele ya yeyote anayengoja zamu yake. Wangapi walirudi nyumbani wakakuta maneno yao yamewatangulia? Nilijiona mtunza siri, kumbe nilikuwa redio.

Nilirudi kwa Eugene jioni, kabla hajafunga. Nikamwambia nimekosa. Akasema, "Yameisha, mama." Hakucheka.

Alhamisi, 17 Aprili

Nyaboke ameniachia chumba cha nyuma cha duka lake, asubuhi za Jumanne na Alhamisi. Kina mlango. Sikujua kwamba kazi yangu inahitaji mlango.

Dada Zipporah amekuja. Safari hii sikumwambia aseme. Niliyakuza maandishi mpaka herufi zikawa kubwa kama kunde, nikamgeuzia kioo. Akavuta kiti. Akaanza kusoma, kidole kikifuata kila neno, midomo ikienda bila sauti. Ilichukua muda mrefu. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, na mimi, ambaye sijawahi kumngoja mteja asome, nilingoja.

Akafika mahali akasimama. "Hapa umeandika *nilikuwa nikimsaidia mume wangu shambani*."

"Ndivyo ulivyosema."

"Sikusema hivyo. Nilisema nililima. Katana alikuwa dereva wa lori, alikuja mara mbili kwa mwezi. Yeye ndiye aliyekuwa akinisaidia."

Sikubishana. Nimeandika viapo vya wanawake maisha yangu yote, na ndani ya vidole vyangu *kusaidia* linatoka lenyewe. Nikalifuta. Neno likatoka bila alama, bila karatasi kuchanika. Nikaandika: *Shamba hili nimelilima mimi.*

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Mvua. Trizah hajapiga simu. Mimi pia sijapiga.

Alhamisi, 24 Aprili

Kiapo kimetiwa muhuri na kamishna wa viapo. Aliuliza kwa nini si Kiingereza. Dada Zipporah akamwuliza kwa nini kiwe. Akatia muhuri.

Jumatatu, 28 Aprili

Siku ya mwisho.

Tulipaswa kuwasilisha pingamizi Ijumaa, lakini mto ulifurika, barabara ya Adu ikakatika, na namba ya siri ya kuthibitisha inaingia kwenye simu ya dada Zipporah, si yangu. Leo amefika saa saba mchana. Ametembea sehemu yenye maji na viatu kichwani.

Saa saba na nusu stima ikapotea mji mzima. Betri ilisoma asilimia thelathini na moja. Nyaboke alikuwa Mombasa kununua vipuri, ametuachia ufunguo tu. Nikafungua ukurasa wa mahakama, nikajaza jina, nikajaza kesi. Nikajaza namba ya kitambulisho chake. Maandishi mekundu yakatokea: namba si sahihi.

Nikaiandika tena. Si sahihi. Mara ya tatu. Mara ya nne. Nikachukua kitambulisho nikakishika karibu na jicho, tarakimu moja moja. Ilikuwa ile ile. Betri asilimia ishirini na mbili. Mtandao ukaenda, ukarudi. Nikafikiri: Trizah alisema kweli. Nimenunua kitu kinachonizidi, nimelala chini ya paa linalovuja kwa ajili yake, na sasa mwanamke huyu atapoteza shamba kwa sababu ya ubishi wangu.

Mlango ukagongwa. Ni Eugene, ameloa mpaka kwenye soksi, mkononi ana waya mrefu. Amewasha jenereta yake. "Mama Trizah, leta chaja." Aliupitisha waya kwenye uchochoro wote, akaushika juu ya maji kwa mkono mmoja, mwavuli kwa mwingine, na akasimama pale nje kama mlingoti. Sikumwomba. Taa ya chaji ikawaka.

Nikarudi kwenye kioo. Si sahihi. Mara ya tano.

Dada Zipporah akavuta kiti. "Ifanye kubwa, kama siku ile."

"Dada, si wakati wa—"

"Ifanye kubwa."

Nikaikuza. Akaweka kidole juu ya kioo, akalinganisha na kadi yake. Akaenda polepole. Akasimama.

"Hii moja yako mbona ni ndefu kuliko wenzake? Hii si moja. Hii ni herufi el."

Nikatazama. Mungu wangu. Taipureta yangu haina kibonye cha moja. Tangu nijifunze kazi, moja naiandika kwa el ndogo. Ndivyo tulivyofundishwa sote. Kwenye karatasi hakuna aliyewahi kujua. Mashine hii imejua.

Nikafuta el mbili. Nikatafuta moja kule juu, mahali ambapo kidole changu hakijawahi kwenda. Nikabonyeza. Maandishi mekundu yakaondoka.

Saa kumi kasoro dakika nane, risiti ikaingia kwenye simu yake. Dada Zipporah aliisoma yote, na tarehe na saa, kisha akaniuliza kama kuna chai. Nilitoka nje kumwambia Eugene aweke waya chini. Mkono wake ulikuwa umekufa ganzi.

"Imeingia?" akaniuliza.

"Imeingia."

"Basi nirudishieni waya wangu," akasema, lakini alikuwa anatabasamu. Nimemjua kijana huyu miaka sita, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemwuliza kwao ni wapi. Ni Bungoma. Mama yake ana kioski huko.

Jumanne, 6 Mei

Mteja mmoja, wawili, wanne. Habari zimeenea kwamba kwa Mama Trizah unasoma mwenyewe kabla hujatia sahihi. Wengine wanakuja kuona tu.

Jumamosi, 10 Mei

Trizah amekuja bila kuniambia. Alikuta ndoo tatu sebuleni na sufuria ya pilau kitandani. Akafunua sufuria, akaona laptopu, akafunika. Nilijiweka tayari.

Akakaa kando ya sufuria. "Mama, ungeniambia kweli ningetuma za vyote viwili."

"Usingetuma."

Alifikiri. "Ni kweli. Nisingetuma."

Tukatazamana, tukacheka mpaka tukalia. Kisha tukagombana tena: anasema nina miaka hamsini na sita, sina pensheni, nataka kuthibitisha nini na kwa nani. Nikamwambia sithibitishi. Sijamaliza kazi, basi. Mtu hufukuzwa kazini na bosi, na mimi bosi sina, kwa hiyo anayetaka kunifukuza aje na barua. Na barua hiyo ataichapa wapi?

Amelala kwenye upande mkavu. Nimemwachia.

Jumatatu, 19 Mei

Mahakama imetuma ujumbe. Pingamizi litatajwa tarehe 10 Juni, kwa njia ya video.

Jumanne, 3 Juni

Mvua inapungua. Mazoezi. Dada Zipporah ameukataa ule mkao wa kuinamia kioo. "Hakimu hatazami nywele zangu." Tumeinua laptopu juu ya kreti mbili za soda. Sasa macho yao yatalingana.

Jumanne, 10 Juni

Tulikuwa chumba cha nyuma saa mbili asubuhi. Nyaboke alifunga duka, Eugene akatuazima laini yake ya mtandao. Nilimwambia dada Zipporah mara mbili: mimi sitasema neno. Nikisema, si kesi yako tena. Akajibu, "Nani alikuomba useme?"

Nyuso zikajitokeza kwenye kioo, ndani ya vijumba vidogo. Hakimu, mwanamke mwenye miwani. Karani. Mawakili wa kesi nyingine. Na Dzombo, kwenye chumba chenye pazia la maua, wakili wake bega kwa bega.

Wakili wa Dzombo alisema Kiingereza kirefu. Akasema pingamizi hili ni la mtu wa kijijini aliyeandikiwa na watu wa barazani wasio na ujuzi, ambao hata sheria hawaijui. Barazani. Alikuwa ananisema mimi.

Hakimu akasema, "Mama Zipporah, umesikia?"

"Nimesikia, Mheshimiwa. Kizungu nimekielewa kidogo, dharau nimeielewa yote."

Mtu mmoja kwenye kijumba cha pembeni alicheka akajizima sauti.

"Una la kusema?"

Akasema. Hakuangalia karatasi. Alitaja mipaka ya shamba, mti kwa mti. Akataja mwaka alipofyeka kipande cha mashariki, akiwa na mimba ya miezi saba. Akataja makaburi mawili madogo ya watoto wake, na majina yao. Dzombo alitazama chini, kalamu mbili mfukoni, na sijui aliona nini pale sakafuni.

Hakimu alikuwa akifunua kurasa upande wake. Akaagiza: hakuna hati itakayotolewa wala shamba kuguswa mpaka pingamizi lisikilizwe kikamilifu, na jina la mjane liingizwe kwenye kesi tangu leo. Wakili akataka kusema. Hakimu akainua kiganja.

Kisha akaivua miwani. "Mama, nina swali moja. Kiapo hiki kiko wazi kuliko vingi ninavyoletewa. Nani amekuandikia?"

Nilikuwa nimekaa pembeni, nje ya jicho la mashine, mikono mapajani. Nakiri kwamba nilingoja jina langu.

Dada Zipporah hakunitazama.

"Nimeandika mimi mwenyewe, Mheshimiwa," akasema. "Kuna mama mmoja alinibonyezea tu."